Roswitha Kettler na Vinanda vya Kaskazini

Kwa miaka thelathini na minane Roswitha Kettler alifundisha watu kuendesha gari mjini Kassel, katikati ya Ujerumani, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupiga ukelele hata siku moja. Wanafunzi walimpandisha ukingo wa barabara, walimgongesha mapipa ya taka, na mmoja aliingia na gari ndani ya duka la maua mpaka kwenye kaunta. Roswitha alichosema siku hiyo ni, "Sasa zima injini, halafu uvute pumzi." Mguu wake wa kulia ulizoea breki ya mwalimu kiasi kwamba hata sebuleni mbele ya televisheni, gari la kwenye filamu likikata kona vibaya, kiatu chake kilikanyaga zulia.

Alipostaafu, mumewe Jochen alikuwa na miaka sita kaburini. Jochen alikuwa mtu mwema, ila alipenda kimya. Redio ilimuumiza kichwa, filimbi ya birika ilimuumiza kichwa. Kwa hiyo pendo kubwa la Roswitha aliliweka nje ya nyumba, nalo lilikuwa kinanda cha kanisa, kile kikubwa chenye mabomba yanayopanda ukutani mpaka darini. Hakujua kukipiga. Alijua kukisikiliza tu, na katika hilo hakukubali kushindwa na mtu. Mchungaji wake alifahamu vyema kwamba Bi Kettler haji Jumapili kwa ajili ya mahubiri, kwani wimbo wa kufungia ulipokwisha alikuwa wa kwanza kufumbua macho.

Mwezi wa Juni alijipangia likizo ya siku tisa huko kaskazini: Lüneburg, Lübeck, Hamburg, Stade, Bremen. Mji mmoja, kinanda kimoja, wakati mwingine viwili. Dada yake mdogo, Heidrun, hakuamini masikio yake.

"Dada, watu wa umri wako wanakwenda Mallorca."

"Mallorca kuna nini?"

"Jua! Bahari! Watu!"

"Jua hata hapa lipo. Na watu nimewafundisha udereva, nimewaona wa kutosha."

Akafunga begi lake dogo la magurudumu. Ndani alitia viatu vya kutembelea, mwavuli, ratiba za treni alizozichapisha, na soseji mbili kavu za Kassel zilizofungwa kwa karatasi. Hakuiamini nyama ya watu wa kaskazini.

Lüneburg palianza vizuri. Roswitha alifika kanisani saa nzima kabla ya tamasha, akachagua benchi la pembeni ambako sauti hukusanyika, akafumba macho. Wimbo wa kwanza ulipita kama ngurumo. Wa pili ulikuwa wa taratibu, sauti ikishuka na kushuka mpaka ikawa kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Hapo ndipo alipofumbua jicho moja.

Kwenye mkono wa benchi la mbele yake, hatua mbili tu kutoka pua yake, kilikaa kitu cha kijivu, kinene kama ngumi, chenye manyoya, na mkia mweusi ukining'inia. Upepo ukapita na manyoya yakatikisika.

Mwanamke huyu hakuwa mwoga wa magari, wala wa radi, wala wa daktari wa meno. Duniani aliogopa kitu kimoja.

"PANYAAAAA!"

Na kabla hajajua anafanya nini, mwavuli ulikuwa umeshatua. Kile kitu kiliruka, kikapiga sakafu ya mawe na kuteleza hadi chini ya mimbari. Huko juu mpiga kinanda akajikwaa noti moja, kisha akaendelea kama askari. Kanisa zima liligeuka. Na kwenye benchi la mbele akainuka mwanamume mpana wa kifua, mwenye kizibao cha kijani na masharubu meupe, uso umemwiva. Alikwenda kukiokota kile kitu, akakipangusa vumbi, akakipakata kama mtoto mchanga mpaka mwisho.

Nje mlangoni alikuwa akimngoja.

"Bibi, umempiga nani?"

"Panya."

"Ile ni maikrofoni!"

"Maikrofoni gani ina manyoya?"

"Ya kuzuia upepo!"

"Ndani ya kanisa?"

"Ndani ya kanisa kuna upepo kuliko nje! Miaka kumi na minne narekodi vinanda, bibi. Vinanda mia nne na sita. Leo ni cha mia nne na saba, na hakuna kilichopigwa vizuri kama hiki. Na katikati yake, mahali patamu kuliko pote, nani yupo? Wewe!"

Lafudhi yake ilikuwa ya kusini, yenye kuviringisha maneno. Roswitha aliona haya, akaomba radhi, tena kwa adabu. Mwanamume hakuzipokea. Akasimama tu akiyachana manyoya kwa kidole. Basi haya ikageuka hasira.

"Kama hutaki radhi, shauri yako. Ila siku nyingine mfunge kamba!"

Akaondoka na mwavuli wake.

Siku mbili baadaye, huko Lübeck, alikuwa amekwisha kaa vizuri alipoona kizibao cha kijani kikiingia. Akainuka kimyakimya na kwenda kujificha nyuma ya nguzo. Kumbe yule bwana naye alikuwa amemwona, naye akazunguka upande wa pili wa kanisa ajifiche. Wakakutana nyuma ya nguzo ile ile, pua kwa pua.

"Wewe tena!"

"Mwavuli uko wapi?"

"Nimeuacha mlangoni."

"Afadhali. Leo tutatoka hai."

Kikongwe wa benchi la jirani akawaambia, "Shhh!" na muziki ukaanza, ikawabidi wakae pale pale, kila mmoja akitazama upande wake.

Wangeachana hivyo kama si yule bwana kufungua kinywa mwishoni. Alimwambia mtu aliyekuwa akiuza kadi za picha kwamba wimbo wa mwisho ulikokotwa mno, kama mazishi ya konokono. Roswitha alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi.

"Ulikokotwa? Ule ndio mwendo wake! Wewe ulitaka akimbie aende wapi?"

"Bibi, muziki una moyo. Moyo lazima upige."

"Wa kwako unapiga mbio kwa sababu ya mafuta ya nguruwe!"

"Naam, bucha nimekuwa nayo miaka arobaini, na sijaona haya!"

Wakabishana kwenye ngazi za kanisa dakika ishirini nzima, mpaka muuza kadi akafunga meza yake na kwenda nyumbani. Hivyo ndivyo Roswitha alivyojua kwamba anaitwa Alwin Pfister, ni mtu wa Bamberg, bucha amemwachia mwanawe, na kuhusu mwendo wa muziki hajui kitu.

Asubuhi ya Jumamosi, huko Hamburg, alishuka kwenye chumba cha kifungua kinywa cha hoteli, akamkuta Bwana Pfister ameinua soseji juu ya uma, akiichunguza kama daktari anayetazama kidonda. Roswitha akarudi ngazini kinyumenyume na kumpigia simu Heidrun.

"Kuna mwanamume ananifuata mji kwa mji."

"Mungu wangu! Yukoje?"

"Ana masharubu na bucha."

Heidrun akasogeza simu karibu. "Dada," alisema, "usimfukuze upesi."

Roswitha akakata simu. Akaamua kubadilisha safari yote: badala ya kungoja tamasha la Hamburg jioni ile, angekwenda Stade siku hiyo hiyo, amwache yule bwana na panya wake. Asichojua ni kwamba wakati uleule Bwana Pfister alikuwa koridoni akimwambia mwanawe kwa simu kwamba kuna mwanamke mwenye mwavuli ambaye hambanduki, na kwamba yeye anatorokea Stade.

Treni ilijaa. Roswitha alisukuma begi lake behewa hadi behewa mpaka akafika la nyuma kabisa, na humo kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Mbele ya kiti hicho kilikaa kizibao cha kijani.

"Nimebadilisha safari yangu yote ili nisikuone," alisema Roswitha.

"Na mimi," alisema Bwana Pfister.

Akakaa. Angefanyaje? Treni ikaondoka. Kwenye kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, na kila ulipokanyaga, Bwana Pfister alitazama chini ya meza, halafu akamtazama yeye, halafu akatazama dirishani. Ilipofika mara ya sita akauliza, "Kuna mende?"

"Nilikuwa mwalimu wa udereva."

"Ahaa." Akafikiri. "Na treni inakutii?"

Roswitha akafungua begi. Njaa ilimshika kwa sababu hakula asubuhi, kwa hiyo akatoa soseji yake, akafungua karatasi na kisu kidogo. Harufu ya moshi na kitunguu saumu ikatanda. Masharubu ya mbele yake yakatikisika.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Bwana Pfister kwa sauti nyingine kabisa.

"Ni ya kwetu Kassel."

"Imeanikwa muda gani?"

"Miezi saba."

"Miezi saba," alirudia, kama mtu anayesikia jina la marehemu mpenzi wake.

Hakuomba. Roswitha naye hakutaka kumpa. Lakini kula mbele ya macho ya mtu ni vibaya hata akiwa adui, basi akakata kipande chembamba, akakisukuma mezani. Bwana Pfister alikinusa, akakiweka mwangani, akakiweka ulimini na kufumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Bibi," alisema hatimaye, "nimetengeneza soseji miaka arobaini. Siku zote nilisema watu wa Kassel wanajisifu bure." Akameza. "Niongeze."

Kipande cha tatu kilipokwisha, alifungua mkoba wake akatoa visikilizio viwili. "Na mimi nikupe kitu. Lüneburg, wimbo wa pili."

"Sitaki."

"Sikiliza tu."

Akavitia masikioni. Muziki ulikuja, safi, taratibu, ukishuka na kushuka. Roswitha akafumba macho kwa mazoea. Ikawa minong'ono. Ikawa pumzi tu. Halafu: "PANYAAAAA!" na kishindo, na sauti ya kitu kikisota sakafuni, na kinanda kikisema "ngwe!" halafu kikaendelea na safari yake kama hakikuona kitu.

Roswitha alitoa macho. Akajaribu kujizuia, akabana midomo, mabega yakaanza kuruka. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha miaka thelathini ya nyumba isiyopenda kelele, mpaka machozi yakamwagika na visikilizio vikadondoka. Bwana Pfister, ambaye alikuwa amepania kubaki amekasirika, alimtazama kidogo, akaona haiwezekani, naye akaanza kutikisika kizibao kizima.

"Tena!" alisema Roswitha akijifuta. "Irudishe!"

Wakairudisha mara tano. Na kwa kuwa walikuwa wakiirudisha, hakuna aliyesikia tangazo kwamba kwenye kituo kinachofuata treni itakatwa vipande viwili, cha mbele kikienda Stade na cha nyuma kwingine.

Walishtuka pale dereva alipopita katikati ya behewa tupu akiwa na chupa yake ya chai.

"Hapa ndipo mwisho, mabwana na mabibi. Altendiek."

"Stade iko wapi?" aliuliza Roswitha.

"Stade? Imeondoka na kipande cha mbele, nusu saa iliyopita. Nimetangaza mara tatu."

"Treni nyingine lini?"

"Baada ya saa mbili na dakika kumi."

Wakasimama kwenye jukwaa lenye benchi moja na mti mmoja wa matufaa. Kila mmoja alimwambia mwenzake kosa ni la nani. Walikuwa katikati ya shughuli hiyo waliposikia, kutoka ng'ambo ya shamba la viazi, sauti ndefu ya kinanda iliyoanza vizuri, ikalegea, ikapinda, ikafa kama ng'ombe anayelala. Walikatiza maneno. Bila kushauriana wakashika mabegi yao, wakaifuata.

Kanisa la Altendiek lilikuwa la matofali mekundu, dogo, na juu kwenye roshani mwanamke kijana mwenye buti za shambani alikuwa akiipiga teke mashine ya umeme iliyokuwa ikikipa kinanda upepo. Huyo alikuwa Wiebke Harms, mpiga kinanda wa pale, na alikuwa akitamka maneno ambayo kuta zile hazikuyazoea.

"Imekufa," aliwaambia hata kabla ya salamu. "Leo! Saa sita watu wanakuja, nimewaahidi dakika ishirini." Akawatazama wageni kuanzia viatuni hadi kichwani, kama mtu anayenunua farasi. "Magoti yenu mazima?"

"Kwa nini?" aliuliza Bwana Pfister.

"Mivukuto ya zamani bado ipo. Inataka miguu minne."

Nyuma ya kinanda kulikuwa na chumba chembamba chenye vumbi. Mivukuto minne mikubwa ya ngozi na mbao ililala humo, na chini ya kila mmoja ilitokeza boriti ya kukanyagia, iliyolika katikati kwa miguu ya watu wa zamani. Ukutani palikuwa na kengele ndogo. Ikilia, alisema Wiebke, mkanyage. Na mkanyage mmoja mmoja, kwa zamu, upepo usikatike.

Saa sita kengele ililia. Wote wawili wakakanyaga kwa mpigo mmoja. Kinanda kilibweka kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Mmoja mmoja!" Wiebke alipiga kelele kutoka upande wa pili.

Hapo Roswitha akatulia. Ile sauti ya miaka thelathini na minane ikamrudia yenyewe, ya chini na isiyo na haraka.

"Bwana Pfister, sikiliza. Usikanyage kama unaua mende. Hiyo ni klachi. Shusha polepole… polepole… hapo. Achia. Sasa wangu. Sasa jiandae. Wako. Tazama mbele."

"Mbele kuna ukuta!"

"Basi utazame huo ukuta! Achia. Wangu."

Upepo ukatulia, na muziki ukasimama wima. Bwana Pfister, mzito, alikuwa akiweka mguu tu boriti inashuka. Roswitha, mwepesi, ilimbidi apande juu ya boriti yake kwa miguu yote miwili na kuning'inia kwenye kishikizo kama nguo kambani. Humo ndani muziki wenyewe haukusikika vizuri. Kilichosikika ni ngozi kuukuu zikivuta pumzi, mbao zikilalamika, na Bwana Pfister akihema. Lakini sauti za chini ziliingia kupitia nyayo. Miaka hamsini na kitu Roswitha alikuwa amekaa kwenye mabenchi akila utamu uliokwisha pikwa. Sasa alikuwa jikoni, jasho linamtiririka, vumbi limemjaa puani, na alipomtazama mwenzake aliona masharubu yake yamelowa, na macho yake pia.

"Ni jasho," alisema Bwana Pfister.

"Sijauliza. Wako!"

Wiebke alikuwa ameahidi dakika ishirini, lakini alipoona upepo haukatiki, tamaa ikamshika. Alipiga arobaini. Wimbo wa mwisho alifungua mabomba yote, na mabomba yote yanakula upepo kama moto unavyokula majani makavu. Zamu zikavunjika. Bwana Pfister akivua kizibao, Roswitha akivua viatu, wakawa wanaruka boriti hadi boriti.

"Huu si mwendo! Mwambie apunguze!" alihema Bwana Pfister.

"Sasa unataka polepole? Sasa?"

"Nakufa, mwanamke!"

"Kufa baadaye! Wako! Wangu! Wako!"

Noti ya mwisho ilikuwa ndefu kupita adabu. Mivukuto mitatu ilikuwa imelala. Mmoja tu ulibaki. Waliurukia pamoja, wameshikana mabega, wakasimama juu ya boriti moja wakishuka nayo taratibu, mpaka Wiebke alipoinua mikono. Kimya. Kisha watu kumi na mmoja wakapiga makofi, na mbwa wao mmoja akabweka.

Baadaye, kwenye meza iliyopangwa uani, walipewa kahawa na keki ya siagi. Mkulima mzee aliyekaa benchi la nyuma alikuja kuwapa mkono.

"Nyinyi ni mume na mke?"

"Hapana!" walijibu kwa pamoja.

"Aa. Niliwasikia mkigombana ndani ya ukuta, nikadhani."

Treni iliwaacha mara ya pili, kwa sababu ya keki, na Stade hawakuiona. Bwana Pfister alikula vipande vinne, akaeleza kosa la soseji za kaskazini kwa kila aliyekubali kusikia, na Wiebke akawaonyesha majina ya wakanyagaji wa zamani yaliyochongwa mlangoni kwa kisu.

Siku ya pili, Bremen, hakuna kati yao aliyeweza kushuka ngazi isipokuwa kinyumenyume, wakishikilia ukuta. Walikwenda kwenye tamasha pamoja, wakakaa benchi moja, na kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati wote wawili walikuwa wamelala fofofo. Bwana Pfister alikoroma. Mashine yake ilirekodi mkoromo huo kwa uaminifu mkubwa, na ndiyo sababu kinanda cha Bremen hakimo kwenye orodha yake mpaka leo.

Waliagana Hannover, mahali njia zinapoachana, Roswitha akielekea Kassel na mwenzake Bamberg. Walisimama jukwaani na mabegi yao. Bwana Pfister alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa umri wewe ni mkubwa wangu kwa miezi minne," alisema. "Kwa hiyo ruhusa ya kuitana kwa jina tu, bila Bwana wala Bibi, inatoka kwako."

"Miezi minne umeijuaje?"

"Niliona tarehe kwenye kitambulisho chako hotelini."

"Mwizi. Niite Roswitha."

"Alwin."

Wakapeana mkono kama watu waliotia sahihi mkataba. Heidrun, aliposimuliwa yote hayo siku ya pili, alitaka kujua jambo moja tu.

"Mtaoana?"

"Heidrun, huyu ni mtu anayetaka kila kitu kipigwe mbio. Nyumba moja tutauana."

"Kwa hiyo basi, yamekwisha?"

"Nani kasema yamekwisha? Mwakani tunakwenda Saksonia."

Hilo la Saksonia lilichukua miezi minne ya barua. Alwin alitaka pwani ya Frisia; Roswitha alisema kaskazini ameshapaona. Alwin aliandika kurasa sita juu ya vinanda vya Frisia. Roswitha akamjibu kwa kadi moja: *Freiberg, Saksonia, tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, jukwaa la kwanza.* Alwin alituma kifurushi cha soseji za Bamberg za moshi ili kumlainisha. Roswitha alizila zote, akamsifu, na hakubadilisha tarehe.

Tarehe kumi na mbili Juni saa nne kasorobo alikuwa ameshasimama jukwaa la kwanza, Freiberg, amevaa koti jipya la bluu ambalo alimwambia Heidrun ni la zamani. Treni ya kutoka kusini ilifika. Kizibao cha kijani kikashuka, kimebeba mkoba wa mashine, begi, na boksi la kadibodi lililofungwa kwa kamba, linalonukia soseji za moshi.

"Umechelewa dakika nne," alisema Roswitha.

"Si mimi, ni treni."

"Ungepanda ya mapema."

"Roswitha, nimeamka saa kumi alfajiri!"

"Basi lete hilo boksi nikusaidie, twende. Wanaanza saa tano, na benchi zuri ni moja tu."